Spana Yenye Mshale

Usiku ule sikupanda kitandani. Nilikaa juu ya kigoda karibu na dirisha la jikoni, taa ya chemni nimeipunguza utambi, nikisikiliza barabara. Nyumba yetu ya Tezo haiko mbali na lami, na sauti ya pikapu ya mwanangu Dena naijua kama ninavyojua kikohozi chake. Ikipanda kile kilima kidogo kabla ya njia yetu, injini huguna mara mbili. Usiku ule yalipita malori, likapita na basi la mwisho la kwenda Mombasa, lakini hakuna kilichoguna.

Alikuwa ametoka asubuhi kupeleka nazi Malindi, na kwa kawaida hurudi kabla ya magharibi. Saa mbili nilifunika chakula chake. Saa nne nikakifunua nione kama kimepoa, ingawa nilijua kimepoa. Saa sita nikatoka hadi barabarani nikiwa na leso kichwani, nikasimama, nikarudi, nikatoka tena. Mvua ya mwezi wa nne ilikuwa imenyesha tangu alasiri, na kutoka Gede kuja huku kwetu barabara inapita kando ya msitu wa Sokoke, mahali pasipo nyumba wala taa. Niliyoyawaza siwezi kuyaandika yote.

Alfajiri lori la mkaa likapunguza mwendo mbele ya njia yetu. Utingo wake akachungulia kutoka juu ya magunia.

"Hapa ndipo kwao Dena?"

"Ndipo! Ana nini?"

"Hana kitu, mama. Yeye mzima, gurudumu ndilo lililotaka kumkimbia! Amelala garini hapo msituni, anangoja fundi wa Gede." Akacheka, lori likaondoka.

Nikakaa chini palepale kwenye majani, nguo ikalowa, na sikujali.

Dena ni mzaliwa wangu wa kwanza. Alizaliwa mwaka wa yale mafuriko makubwa, na mwaka ninaousimulia, 1986, alikuwa amefika miaka ishirini na mitano. Mtu akimtazama haoni la ajabu: kijana mrefu, mkimya, mwenye kovu la bomba la moshi kwenye mkono wa kulia. Alipomaliza darasa la saba alikwenda kuwa utingo wa mfanyabiashara mmoja wa Malindi, mume wa Bi Radhia, aliyekuwa akinunua nazi, ukwaju na korosho za huku kwetu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuruka chini na jiwe, aliweke nyuma ya gurudumu gari likisimama mlimani. Mwaka wa nne tajiri akamfundisha kuendesha. Mwaka wa saba akamwachia pikapu, Datsun ya rangi ya maziwa, ilale kwetu Tezo kwa sababu mizigo ilianzia huku. Akamwambia, "Wewe ndiye dereva, na wewe ndiye fundi."

Basi Dena akawa fundi wa nyumbani. Gereji hana. Ana gunia la kulalia chini ya gari, mkebe wa kutilia nati, na kitabu kidogo cha gari ambacho kila ukurasa wake una alama za vidole vyake. Akibadilisha oili huandika tarehe kwa chaki upande wa ndani wa boneti. Jioni mimi ndiye humshikia taa. Mkono wangu hutetemeka, naye hunitania kutoka chini huko, "Mama, wewe shika taa tu. Roho iache."

Mimi roho siwezi kuiacha. Baba yao, Thoya, hufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni, na huja mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote macho ya nyumba hii ni yangu.

Ramadhani iliyotangulia, Dena alisikia kitu kikigonga chini ya gari. Kushuka, akakuta nati mbili za gurudumu zimedondoka na nyingine mbili zinakaribia kudondoka. Jirani yetu Ochola, ambaye alikuwa fundi wa karakana kwenye shamba moja la mkonge mpaka alipostaafu, alikuja akatazama, akatoa hukumu yake.

"Nati ya gurudumu inataka uzito ya mwanaume. Weka spana, panda juu, ruka."

Tangu siku hiyo Dena akawa anaruka. Kila nati mara mbili, gari zima linatikisika, nami nimesimama kando nahesabu. Nilipenda sana ile miruko. Kila mruko niliuona kama fundo la kamba linalomfunga mwanangu asianguke. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikimwangusha. Asubuhi ile ya lori la mkaa, aliporudi nyumbani kwa bolti za kuazima, alitoa mfukoni vipande vitatu vya bolti na kuviweka mezani mbele yangu. Vilikuwa vimekatika shingoni, na pale palipokatika palimetameta kama sukari.

"Fundi wa Gede anasema hizi hazikulegea," akaniambia. "Zimevutwa kupita kiasi mpaka zikachoka. Imebaki moja tu."

"Zimevutwa na nani?"

Akatazama miguu yake. "Na mimi."

Siku ya pili yake akaja Uthman. Tajiri alikuwa amefariki miezi miwili na nusu iliyopita, na Bi Radhia alikuwa akikaa eda. Kwa desturi ya Waislamu, mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na wanaume walio kando hawamwoni. Uthman ni mtoto wa kakake, kwa hiyo yeye huingia na kutoka, na maneno yote ya Bi Radhia yalikuja kwa ulimi wake. Kijana mwenyewe hana ubaya wa kupiga mtu, lakini alishasema mbele ya watu wengi kwamba pikapu ile ingeuzwa ikanunuliwa boti ya kupeleka watalii baharini.

Hakuzima hata pikipiki yake. "Shangazi amesema hivi, Dena. Kitu kingine kikivunjika mkononi mwako, ufunguo urudi."

"Nimesikia," Dena akajibu.

Mimi nilisikia zaidi yake. Ufunguo ule ndio uliokuwa ukisomesha wadogo zake wawili. Ukirudi Malindi, Dena angepanda tena juu ya magunia ya watu, akiwa utingo mwenye ndevu.

Jioni akafungua kile kitabu chake. Pale penye habari za gurudumu pameandikwa nambari, sitini hadi sitini na tano.

"Sitini ya nini?" nikamwuliza.

"Ya nguvu. Ratili sitini kwenye mkono wa spana wa futi moja. Iko spana inayopima hiyo nguvu, mama. Ukifika sitini unaacha. Huruki wala hubahatishi."

"Basi kanunue."

"Mama, spana hiyo ni ya magereji makubwa. Unadhani ni sufuria?"

Ochola alipata habari kabla ya jua kuzama, maana ua wetu na wake ni mmoja. Akaja na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha kaki. Akakifunua polepole kama mtu anayefunua mtoto mchanga. Ilikuwa spana ndefu, nzito, yenye mkono wa kuzungusha.

"Hii nilipewa na mzungu wa karakana akienda kwao. Unazungusha hapa mpaka nambari yako. Ukikaza, nguvu ikifika, inakuambia." Akaifunga kwenye nati, akavuta. Spana ikasema *ta!* "Umesikia? Inaongea. Dena, wewe ni kama kijana yangu. Nakupa kwa bei ya jirani."

Nilipenda ile *ta*. Nilitamani Dena aichukue usiku uleule nipate kulala. Lakini mimi nimeuza korosho kwa wanunuzi wa barabarani tangu nikiwa msichana, na mizani yenye sauti nzuri nimeiona nyingi.

"Baba Ochola," nikasema, "nani alikuambia hiyo *ta* inasema kweli?"

"Mama Dena! Hata padre humuulizi hivyo."

"Padre sifungi gurudumu kwa neno lake."

Dena akageuza uso asicheke. Ochola akafunga kitambaa chake. "Sawa. Nendeni Malindi kwa Salmin mkaone bei. Na mimi nakuja, nataka kuona mkirudi kwangu mkilia."

Duka la Salmin linauza misumari, rangi, kamba na vyombo vya ufundi. Mwenyewe ni mtu mzima, mwenye kofia ya viua na miwani iliyofungwa uzi. Dena akamwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia marahaba na kuuliza habari za nyumbani moja moja kabla hatujasema shida yetu. Kisha akaweka mezani spana mbili.

Ya kwanza ilikuwa ndugu ya ile ya Ochola, lakini mpya, ndani ya sanduku la bati. Dena akauliza bei, kisha akafunika lile sanduku taratibu na kulisogeza mbali, kama lingemchoma.

Ya pili ilikuwa kitu cha ajabu. Ulikuwa mtaimbo mwembamba wa chuma wenye mpini, na juu yake chuma kingine chembamba kama sindano ndefu, ncha yake imesimama juu ya kibao chenye nambari. Haikuwa na springi wala sauti. Bei yake haikufika theluthi ya ile nyingine.

Ochola akaangua kicheko. "Hii ni spana ama ni ya kuchokoa meno ya ng'ombe?"

"Cheka, bwana," Salmin akamjibu bila kuinua uso. "Hii ukivuta, mtaimbo wapinda kidogo, mshale hauendi nao, nawe wasoma. Pana nini hapo pa kuharibika? Mshale ukiacha sifuri waurudisha kwa kidole. Ile yenu ya springi ikilala na nguvu ndani yake, springi yachoka au yashikwa na kutu, na ikiharibika haikwambii. Yaendelea kusema *ta* kama kasuku."

"Yangu haijachoka!"

"Wewe huilegezi ukishamaliza kazi?"

Ochola akaivuta karibu spana yake, aliyokuja nayo ndani ya kitambaa. Nikamtazama Ochola, nikaitazama spana yake.

"Mzee Salmin," nikasema, "una mawe ya mizani?"

"Ninayo ya kupimia misumari. Yamepigwa muhuri."

"Hizi spana nazo si mizani tu? Zipimeni."

Wanaume watatu wakatazamana. Salmin akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena kunitazama vizuri. "Bibi, umesoma wapi?"

"Darasa la nne. Lakini nimeibiwa korosho nyingi."

Akacheka mpaka kofia ikakaa upande. Akafunga kichwa cha ile spana ya mshale kwenye jiliwa, kibanio cha chuma cha mezani, mkono wake umelala sawa, akapima futi moja na nusu kwa rula na kutundika hapo jiwe la kilo ishirini kwa kamba. "Kilo ishirini ni ratili arobaini na nne," akasema. "Futi moja, arobaini na nne. Nusu futi, ishirini na mbili. Jumla?"

"Sitini na sita," Dena akajibu.

Tukainama sote. Mshale ulikuwa umesimama katikati ya sitini na sabini, umepita sitini na tano kwa unywele. Nilihisi kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani.

"Sasa ya bwana mkubwa," Salmin akasema.

Ochola akaizungusha mwenyewe mpaka sitini. Ikafungwa, futi moja na nusu ikapimwa, jiwe likatundikwa. Kimya. Salmin akaongeza jiwe la kilo tano. Kimya. Akaongeza la pili la kilo tano. Hapo ndipo iliposema *ta!* "Kutu imeikamata ndani," Salmin akasema. Dena akahesabu kwa midomo, kisha akasema polepole, "Karibu mia. Tungekuwa tunaruka vilevile."

Ochola akaifungua spana yake kutoka kwenye jiliwa na kuifunga kwenye kitambaa cha kaki, safari hii haraka. Nilimwonea huruma, maana miaka yote hiyo alikuwa akiamini sauti ile. Dena alinunua ile ya mshale, pamoja na bolti tatu mpya. Ya nne, ile iliyonusurika msituni, Salmin alisema inafaa aibadilishe nayo, lakini za ukubwa ule zilikuwa zimebaki tatu tu dukani.

"Nitakuja kuifuata nyingine mwezi ujao," Dena akasema.

Wiki tatu zikapita vizuri. Dena alikaza nati kwa mshale, moja kisha ile inayoikabili, kisha baada ya mwendo wa siku moja akazirudia. Kila asubuhi kabla hajaondoka nilikwenda kuitazama spana ilipoangikwa, nione kama mshale uko kwenye sifuri. Hakunituma mtu. Nilikwenda tu. Wakati mwingine nilikwenda mara mbili.

Halafu nikaona kutu. Hewa yetu ina chumvi, na bolti mpya zilishaanza kuota wekundu. Nikaanza kuwaza kuhusu wekundu ule. Nilipokuwa nikikuna nazi niliuwaza, nilipolala niliuona. Kutu ilikula kufuli la banda letu mpaka likavunjika kama biskuti, je, bolti?

Siku moja gurudumu likapata pancha. Dena akalitoa jioni, akaliegemeza ukutani, akaenda na mpira wake kwa mtu wa viraka. Bolti nne zilibaki wazi, zimenielekea. Kwetu kila chuma hupakwa mafuta ya nazi. Panga hupakwa, cherehani hupakwa, jembe likimaliza msimu hupakwa. Nikaleta chupa yangu, mafuta niliyoyapika mwenyewe, nikapaka kila bolti mpaka ndani ya mifereji yake, nikazipaka na nati ndani ya mkebe. Usiku ule nililala vizuri kuliko siku nyingi.

Asubuhi Dena alikaza. Nati ya kwanza, sitini na tano. Ya pili, sitini na tano. Ya tatu. Ya nne ilikuwa kwenye ile bolti ya zamani. Nilikuwa nimesimama na kikombe chake cha chai. Mshale ukapanda hamsini, ukapanda hamsini na tano, kisha ukasimama, na nati ikaendelea kuzunguka kama kitu kilicholainika. Dena akasema, "Ah?" na bolti ikakatika. Haikupiga kelele. Ilisema *tik*, kama kijiti.

Akaitazama spana kwa muda mrefu. "Salmin ametuuzia takataka," akasema. "Mbele ya macho yetu."

Ochola alishakuwa uani, mikono nyuma. Nilidhani amekuja kulipiza. Lakini alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye bolti iliyokuwa kando ya ile iliyokatika, akakinusa. Akakinusa tena.

"Dena, wewe unapaka bolti mafuta ya nazi?"

"Mafuta? Hapana."

"Hii imepakwa. Sikiza. Ile nambari ya kitabu ni ya bolti kavu. Nati ikikauka, nguvu nusu inamalizwa na kusuguana. Ukipaka mafuta inateleza, ile nguvu yote inaenda kuvuta bolti. Spana inasoma sitini, bolti inaona kama tisini. Mpya zinaweza kuvumilia. Hii mzee ilikuwa imechoka, mafuta imeimaliza." Akasimama, magoti yakalia. "Spana yenu ni nzuri. Hiyo nasema, na wewe unajua haipendezi mimi kuisema."

Dena akageuka kunitazama, si kwa kunishuku, bali kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Nami nikatazama ndani ya kikombe cha chai. Sikusema. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema dakika ile. Maneno yalikuwapo, mdomo haukuwapo.

Na kabla ya saa tatu pikipiki ikaingia uani. Uthman alikuwa amefuata mzigo wa ukwaju. Akakuta gari juu ya mawe na kipande cha bolti juu ya gunia.

"Kimevunjika tena," akasema.

"Bolti moja, na haikuvunjika njiani," Dena akamjibu. "Nikipata nyingine, kesho naenda kazini."

"Shangazi alisema kitu. Hakusema bolti ngapi. Nipe ufunguo."

"Nitampelekea Bi Radhia mwenyewe."

Uthman akacheka. "Utampelekea wapi wewe? Mwanamke yumo eda. Utaingia mwanamume mzima ukamwone wapi? Haya, kesho adhuhuri nataka ufunguo uwe mkononi mwangu pale barazani kwa shangazi. Nikija kuufuata hapa nitakuja na mtu."

Pikipiki ikaondoka. Dena akakaa juu ya lile gunia lake na kuanza kufuta spana, ingawa ilikuwa safi. Nilizunguka nyumba. Nikafagia pale nilipokwisha fagia. Nikaingia jikoni, nikatoka. Mwisho nikaenda nikasimama mbele yake.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini, mama?"

"Mafuta. Nilipaka mimi, usiku. Niliona kutu."

Akaweka spana chini. "Nati zote?"

"Zote. Na ndani yake."

Akajishika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yakaanza kutikisika, nami nikadhani analia, nikapiga magoti. Kumbe anacheka, kicheko kisicho na raha, machozi yakimtoka kweli. "Mama, wewe. Hata gurudumu umelipaka kama mtoto anayekwenda harusini."

"Nipige basi."

"Nikupige kwa sababu gani? Ulitaka nirudi nyumbani." Akafuta uso. "Lakini Uthman hatalisema hilo kwa shangazi yake. Atasema Dena amevunja."

Hapo wazo likanijia. Yule kijana alisema mwanamume hawezi kuingia. Kweli, mwanamume hawezi.

"Nipe ufunguo," nikamwambia. "Nitaupeleka mimi. Mimi eda ya nani itanizuia?"

Akautoa mfukoni na kuufunga kwenye pembe ya leso yangu kwa fundo mbili. "Ukifika mwambie kweli yote. Akiutaka, muachie. Usimlilie."

Siku ya pili, jua likiwa bado upande wa bahari, nilikuwa mtaa wa Shela, mbele ya nyumba ya Bi Radhia. Mlango wake ni mzito, wa mbao nyeusi, na ulikuwa umefungwa. Barazani alikaa Uthman na kikombe cha kahawa. Aliponiona hakuinuka, lakini aliacha kunywa.

"Shikamoo," akasema, maana adabu anayo.

"Marahaba. Nimekuja kumwona Bi Radhia."

"Mama, shangazi yumo eda, haonani na watu. Ufunguo nipe mimi."

"Haonani na wanaume. Mimi nimevaa leso, umeniona."

"Amelala."

"Nitangoja aamke."

Nikakaa kwenye kona ya baraza, mbali naye, mkono nimeukaza juu ya lile fundo. Jua likapanda, likaanza kunifikia miguuni. Nikavuta miguu. Likanifikia tena. Uthman akainuka, akaenda hadi mwisho wa kichochoro, akarudi. Nilijua kwamba adhuhuri ikiadhiniwa atakwenda msikitini, na nilijua kwamba kabla ya kwenda atataka ufunguo. Kila nilipofikiria kupiga hodi nilikaza tena lile fundo. Nilimwona Dena juu ya magunia. Nikainuka.

"Hodi!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hodi, Bi Radhia!"

"Mama, nimekwambia..."

"Nani huyo?" Sauti ilitoka ndani, karibu sana na mlango. Hakuwa amelala.

"Ni Kadii, mama yake Dena, kutoka Tezo. Pole kwa msiba, bibi."

"Nimeshapoa. Mwanao yu hali gani? Nimeambiwa gurudumu limemkatikia njiani mara ya pili, gari limeingia mtaroni."

Nikamgeukia Uthman. Alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake, kama nilivyotazama mimi ndani ya chai ya Dena, nikaona haya kwa ajili yetu sote wawili.

"Gari halijaingia popote, bibi," nikasema. Nilisogea mpaka paji la uso wangu likakaribia mbao. "Liko uani kwangu juu ya mawe. Bolti moja imekatika, na aliyeikata si Dena. Mimi niliipaka mafuta ya nazi usiku, kwa kuogopa kutu, na bolti ya gari haipakwi mafuta. Nilikuwa sijui. Mwanangu alikaza kama kitabu kinavyosema, kwa spana aliyoinunua mwenyewe baada ya kuipima kwa mawe. Kuniamini si lazima. Ufunguo ninao hapa. Kama ni kurudi, nimeuleta, na nilitaka uupokee kwa mkono wako, ukijua nani wa kulaumiwa."

Nilisikia kitambaa kikiburutika sakafuni, kisha hakuna tena. Nilidhani ameondoka. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kufungua fundo la leso, fundo la kwanza, na la pili halikutaka.

"Mafuta ya nazi," ile sauti ikasema.

"Ndiyo, bibi."

"Uliyapika mwenyewe?"

"Niliyapika mwenyewe."

"Uthman," akaita, "nenda zako msikitini."

"Shangazi, bado hawajaadhini."

"Utawangoja hukohuko."

Nikasikia viatu vyake vikishuka barazani nyuma yangu. Kisha komeo likavutwa, taratibu, kwa mkono ambao haukuwa na nguvu nyingi. Mlango ukafunguka kiasi cha mtu mmoja kupita. Bi Radhia alikuwa amesimama gizani, nguo nyeupe tupu mwilini, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Nikamnyooshea leso pamoja na ufunguo uliokuwa bado umefungwa ndani yake.

Aliutazama, na hakunyoosha mkono.

"Ingia kwanza," akasema. "Umechomwa na jua."